Mlima Alishuka au Mlima Ulishuka

Maretadu, Jumamosi asubuhi, mwezi wa sita. Ukungu umelala juu ya mahindi na hauonyeshi nia ya kuondoka. Baridi ni ile ya kwetu, ya kuvaa sweta juu ya sweta.

Naomba radhi kwa wote waliokuwa wakifungua ukurasa huu na kukuta makala ileile ya zamani kuhusu tofauti ya "-enye" na "-enyewe". Nimekaa kimya muda mrefu mno. Msomaji mmoja aliandika chini ya makala ile kuuliza kama mimi bado ni mzima. Ni mzima. Ila tangu tope la Mlima Hanang lilipoingia mji wa Katesh Desemba ile, likachukua nyumba na watu, kila nilipoketi kuandika juu ya viambishi nilijiona kama mtu anayefagia ua wakati nyumba ya jirani inaungua. Nikaona heri ninyamaze.

Leo nimerudishwa na kiambishi kimoja.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nilianza kufundisha huku Mbulu tukiwa bado mkoa wa Arusha, nikaendelea tulipopata mkoa wetu wa Manyara, nikastaafu simu zilipoanza kuingia darasani ndani ya soksi. Wanafunzi waliniita "Mwalimu Upatanisho" wakidhani sisikii. Nilisikia, na jina nililipenda.

Mjukuu wangu Emiliana yuko mwaka wa mwisho wa chuo kikuu. Anasoma falsafa. Baba yake, ambaye ni mwanangu, alitaka asome uhasibu, na hadi leo watu wakimuuliza mtoto anasoma nini, hujibu, "Anasoma mjini."

Idara yao inamtaka kila mwanafunzi aandike kazi moja ya kuhitimisha masomo, na mwaka huu wameruhusiwa kuiandika kwa Kiswahili. Inaweza kuwa insha ya kitaaluma, yenye hoja, pingamizi na marejeo. Inaweza pia kuwa kazi ya kubuni, yaani hadithi au mazungumzo yanayobeba hoja ya kifalsafa. Kwa vyovyote vile, kazi ya Kiswahili lazima iambatane na uthibitisho wa mhariri wa lugha kwamba haina makosa ya kisarufi. Emiliana amenichagua mimi niwe mhariri wake.

Alifika Jumatano na kazi mbili. Swali ni lile lile katika zote mbili: Je, mtu anaweza kumsamehe mlima? Moja ni insha, nyingine ni mazungumzo kati ya mwanamke na mlima. Anatakiwa kuwasilisha moja tu, na Jumatatu atamwambia msimamizi wake ni ipi. Kazi ikikataliwa atarudia mwaka, na baba yake atapata sababu aliyokuwa akiisubiri.

Mmeona nilivyoandika hapo juu? "Kumsamehe mlima." Niliandika "kuusamehe", nikafuta, nikaandika alivyoandika yeye. Nitaeleza.

Mdogo wangu Paulina aliolewa Katesh, akaishi Jorodom, chini ya mlima, na mume wake, shemeji yangu Danieli, hadi alfajiri ile. Nyumba ilikwenda. Shemeji alikwenda. Paulina alipona. Likizo iliyopita Emiliana alimtembelea akamwomba asimulie, akamrekodi kwa simu, na simulizi hiyo ndiyo msingi wa kazi zote mbili. Sentensi ya kwanza ya Paulina ni hii:

"Mlima alishuka, na hakutuuliza."

Kila mtoto wa darasa la nne anajua kwamba "a-" ni ya watu na wanyama. Mtu alishuka, mbuzi alishuka. Mlima ulishuka. Lakini lugha yetu ya nyumbani haigawi vitu kwa njia hiyo. Katika Kiiraqw majina yana jinsia. Jiwe lina jinsia yake, mto una jinsia yake, na kitenzi hufuata. Mtu aliyekua hivyo akifika kwenye Kiswahili huichukua "a-" na kuitawanya kama mbolea. Mvua amenyesha. Barabara amekatika. Simu amezima. Nimelisahihisha kosa hilo maisha yangu yote ya kazi, na nimelisikia likinisubiri nje ya mlango wa darasa kila siku.

Kwa hiyo Jumatano mchana niliketi na insha ya Emiliana na kalamu nyekundu. Kila palipokuwa na "mlima alishuka" nikaandika "ulishuka". "Mlima anajua" ikawa "unajua". "Kumlaumu" ikawa "kuulaumu". Sikubagua maneno ya Paulina na maneno ya Emiliana mwenyewe. Nilifanya kazi safi. Hata mkono haukuchoka.

Emiliana alipozipokea kurasa alizigeuza zote, akazirudia, akaziweka juu ya meza.

"Bibi, umeniharibia."

"Nimekunyooshea."

"Umeninyoosha hadi nimekatika. Hilo ndilo swali lenyewe! Ukisema 'ulishuka' umesema jambo limetokea. Ukisema 'alishuka' umesema kuna aliyefanya. Jambo likitokea unalia tu. Akiwepo aliyefanya, unaweza kumlaumu, unaweza kumsamehe. Mimi nauliza Bibi Paulina yuko upande gani, na wewe umemhamisha kwa kalamu."

Nilimjibu kama nilivyomjibu kila mwanafunzi aliyewahi kubishana nami. Upatanisho ni adabu ya lugha, si uchunguzi wa roho. Mti una uhai lakini tunasema "mti umekua". Mbu hana akili ya maana lakini tunasema "mbu ameniuma". Kipofu ni mtu ingawa jina lake limeanza na "ki-". Anayetaka kujua nani ana nafsi aende kwa padri, asije kwenye ngeli.

Niliona nimemmaliza. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Na maiti, Bibi?"

"Maiti nini?"

"Maiti alizikwa, au maiti ilizikwa?"

"Vyote viwili vinakubalika."

"Kwa nini vyote viwili?"

Vitabu nilivyofundishia vinasema vyote viwili vinakubalika. Havisemi kwa nini. Nilifundisha hivyo hivyo miaka yote, na hakuna mtoto aliyeuliza.

"Redioni Desemba ile walisema miili imepatikana," Emiliana akaendelea. "Bibi Paulina hajawahi kusema mwili wa Babu Danieli ulipatikana. Anasema alipatikana. Kwa hiyo kuna mahali ambapo sarufi inatuachia sisi tuseme nani bado ni nani. Mimi nauliza kama mpaka wa mahali hapo ni lazima uwe pale vitabu vilipouweka."

Nilimwambia hoja yake ina mashiko. Kwa wanaonijua, hiyo si alama ndogo.

Lakini uthibitisho ni uthibitisho. Nikamweleza nafasi yangu. Katika yale mazungumzo ya kubuni, mlima anaweza kuwa "a-" kuanzia mwanzo hadi mwisho, nami nitatia sahihi bila shida, kwa sababu tuna jina la jambo hilo: tashihisi. Katika fasihi tunaruhusu jiwe liseme na upepo ucheke. Katika insha ya kitaaluma, kosa la msimuliaji litaandikwa ndani ya alama za kunukuu, na nje ya alama hizo mlima ni "u-".

Alinitazama.

"Yaani sarufi yako inasema mlima ni mtu tukibuni, na si mtu tukisema kweli."

Nikamtuma akaangalie kama kuku wameingia kwenye bustani.

Mchana huo huo nilisoma yale mazungumzo. Lazima niseme kweli hapa, kwa kuwa shajara isiyosema kweli ni mazoezi ya mwandiko tu. Nilikwenda na kalamu nyekundu nikaisahau. Mwanamke anachukua kigoda, anakwenda kukaa mbele ya mlima, anamuuliza, "Ulituona?" Mlima anajibu, "Niliona mwanga wa taa." Mwanamke anasema, "Hiyo ilikuwa ya kwetu." Wanakaa. Hakuna anayesema kitu kwa muda mrefu. Emiliana ameandika ule ukimya kwa mistari mitupu, na mimi, ambaye humkata alama mtoto anayeruka mistari, niliona iko mahali pake.

Nikaipenda kuliko insha.

Na kwa sababu niliipenda, nikaiogopea. Najua namna watu wanavyosoma kazi ya kubuni. Watasema imewagusa, watafuta macho, watafunga kurasa. Hakuna atakayeona ana deni la kuijibu hoja iliyomo. Insha wangelazimika kuijibu. Emiliana naye analijua hilo. Ndiyo maana hajachagua. Katika mazungumzo, neno la Paulina linapata heshima lakini halihesabiwi kuwa ni dai. Katika insha linahesabiwa kuwa ni dai, lakini lazima liingie likiwa limevaa alama za kosa.

Alhamisi tukaenda Katesh kumuuliza mwenye neno.

Paulina anaishi sasa katika nyumba mpya walizojengewa waliopoteza makazi. Kutoka mlangoni kwake Hanang anaonekana vizuri. Tulimkuta amekaa nje na ungo wa maharage, anachambua.

"Shikamoo, Bibi," Emiliana akasema.

"Marahaba, msomi. Mbona umekonda? Falsafa hailiwi?" Kisha akanigeukia. "Dada, shikamoo. Umekuja na kalamu, au leo umeiacha nyumbani itupumzishe?"

"Marahaba. Iko kwenye mkoba."

"Nilijua. Basi kaeni, nipunguze kuongea."

Tulikunywa chai. Emiliana akamweleza kwa nini tumekuja, kisha akafungua kompyuta yake akamsomea sehemu ya insha yenye maneno yake mwenyewe. Alimsomea ile ya asili, isiyo na wino wangu. Paulina alifunika uso kwa khanga akacheka hadi mabega yakatikisika.

"Nimesema hivyo mimi? 'Mlima alishuka'?"

"Umesema, Bibi. Nimekurekodi."

"Na wewe Dada umemwacha aandike? Wasomi watanicheka! Watasema Wambulu hawajafundishwa, na dada yangu ndiye aliyekuwa mwalimu. Futa hiyo. Andika 'ulishuka'."

"Nikifuta, Bibi, hoja yangu inakufa."

"Ife. Hapa Katesh tumezika wengi, hoja moja haitatushinda."

Tulicheka, sisi watatu. Kisha tukaacha kucheka, kila mmoja kwa wakati wake.

Nilikuwa sijategemea hilo. Tulikwenda tukidhani mimi ndimi kikwazo. Kumbe mwenye neno hakulitaka. Alitaka anyooshwe, na alitaka anyooshwe na mimi, kwa sababu kazi ile ingeenda kusomwa na watu asiowajua. Nilimwelewa kabisa. Kusema sawasawa mbele ya wageni ni nguo safi. Hakuna anayetaka kupigwa picha akiwa na ya shambani.

Akaweka ungo chini. Akasema basi, arekodiwe upya, asimulie vizuri. Akajiweka sawa kama mtoto anayetakiwa kusoma mbele ya mkaguzi, akaanza.

"Mlima ulishuka alfajiri. Ulileta mawe na magogo. Maji yalikuwa meusi. Sauti ilikuwa kubwa."

Kila kiambishi kilikuwa mahali pake. Sikuwa na cha kugusa. Ningepaswa kufurahi, lakini nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari kutoka kinywani mwa mdogo wangu, habari za mji fulani, za watu fulani. Uso wake wote ulikuwa kwenye ngeli. Alikuwa anavuka maji kwa kukanyaga mawe, akiangalia miguu tu.

"Baba yao, Danieli, alikuwa ametoka kwenda kuwafungulia ndama," akaendelea. "Nikamwita. Nikasikia anakuja. Nikasema, afadhali. Kisha akafika mlangoni."

Akauvuta ungo karibu.

Emiliana akauliza polepole, "Nani alifika, Bibi? Babu, au mlima?"

Paulina alitazama maharage yake.

"Wote wawili," akasema.

Ipo kanuni ya kuunganisha nomino za ngeli mbili tofauti chini ya kitenzi kimoja. Niliifundisha kila mwaka, na kila mwaka niliitolea mtihani. Nilikaa pale na kanuni yangu nikashindwa kuikumbuka, wala sikuitafuta. Sikusahihisha. Mkono wangu ulikuwa juu ya goti la mdogo wangu, na sijui uliwekwa lini.

Paulina akafuta uso, akainua ungo, akapeperusha maganda kwa nguvu zaidi kuliko yalivyohitaji.

"Na humo ndani," akamuuliza Emiliana kwa sauti yake ya kawaida, "mimi mmeniita nani?"

Emiliana akasita. "Mhojiwa wa kwanza. Ndivyo tunavyofundishwa, Bibi, ili kulinda..."

"Mhojiwa! Mlima mmempa jina, tena kwa herufi kubwa, Hanang. Mimi mnaniita mhojiwa?"

"Tunaweza kuandika jina ukitaka."

"Andika Paulina. Andika nilikuwa na nyumba Jorodom. Kama nina jina na nina nyumba, basi acheni nilivyosema. Wacheke wakijua wanamcheka nani."

Hivyo ruhusa ikapatikana, na mimi sikuwa nimetoa kalamu mkobani.

Kisha Emiliana akauliza swali ambalo, nadhani, hakuthubutu kuliuliza likizo iliyopita.

"Bibi, umemsamehe?"

"Nani?"

"Mlima."

Paulina aligeuka kumtazama Hanang pale alipo. Kichwa kilikuwa ndani ya wingu, kifua kikiwa wazi, na makovu ya tope bado yanaonekana mabondeni.

"Bado," akasema. "Ila tunasalimiana. Asubuhi nikifungua mlango yuko pale. Sasa utafanyaje?"

"Unampa shikamoo?"

"Yeye si ndiye mkubwa? Nampa." Akachukua harage bovu, akalitupa kwa kuku. "Ila siku nyingine simpi."

Mtu wa kwetu anaelewa uzito wa hilo. Kumpita mkubwa bila shikamoo si kusahau. Ni kumwambia jambo. Nimeona ndugu wakikosa kuzungumza mwaka mzima kwa sababu ya shikamoo moja ambayo haikutolewa.

Emiliana hakucheka. Alikuwa ameanza kuandika haraka haraka pembeni mwa ukurasa, na kwa mara ya kwanza tangu afike kutoka chuoni niliona uso wake umefunguka. Njiani kurudi, baada ya Basotu, aliniambia alichoandika. Mtu hawezi kukinyima kiti salamu. Hawezi kuinyima mvua. Anaweza kumnyima salamu yule tu anayestahili kupewa. Kwa hiyo Bibi Paulina, siku zile anazompita mlima bila shikamoo, hajakosea upatanisho; ameutumia hadi mwisho. Na siku akimrudishia shikamoo, huo ndio mwanzo wa kusamehe, hata kama hataki kuuita hivyo.

Nilimuuliza pingamizi yake iko wapi. Akasema pingamizi ni kwamba mlima hajui kama amenyimwa. Nikamuuliza jibu lake. Akasema bado hana, na akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

Nimeishi na vijana wengi wanaoandika. Wengi huandika ili wamalize. Huyu alikuwa na furaha kwa sababu amekutana na jambo asilolijua, na ana siku chache za kulifikiria. Baba yake anaogopa kwamba falsafa haitamlisha. Huenda. Lakini ningetamani mwanangu angekuwa kwenye kile kiti cha basi, asikie mtoto wake akifikiri kwa sauti huku vumbi likiingia dirishani.

Tatizo ni kwamba ile aya ya salamu sasa inahitajika katika kazi zote mbili. Jana alikaa nayo mchana kutwa. Katika insha inakuwa ngazi ya mwisho ya hoja, na insha bila hiyo haifiki juu. Katika mazungumzo inakuwa ni siku mwanamke anapopita na kigoda chake bila kusema neno, na mlima kwa mara ya kwanza ndiye anayeanza kumsemesha. Ameziandika zote mbili. Zote mbili ni nzuri. Nilitarajia safari itamsaidia kuchagua, kumbe imeniongezea mjukuu anayezunguka meza.

Mimi nimechagua sehemu yangu, na nilichagua leo asubuhi kabla ya chai.

Kwa mazungumzo, uthibitisho ulikuwa rahisi tangu mwanzo. Kwa insha nimefuta wino wangu mwekundu, yaani nimemwambia achapishe upya na "alishuka" zote zirudi, za Paulina na zake, bila alama za kunukuu. Lakini sikuweza kuacha hivi hivi. Siwezi kuweka jina langu chini ya jambo nisilolieleza. Nikaandika tanbihi ya kuwekwa chini ya ukurasa wa kwanza. Ilisema hivi: "Katika kazi hii nomino 'mlima' imepatanishwa kwa ngeli ya A-WA kwa kusudi. Upatanisho huu si kosa la mwandishi."

Nilijivunia. Nikampa Emiliana asome.

Alisoma, akanirudishia, akaweka kidole kwenye neno la mwisho.

"Bibi. Si kosa la mwandishi. Basi ni kosa la nani?"

Nilitazama sentensi yangu. Ilikuwa sahihi kabisa, na ilikuwa imemwachia Paulina kosa mlangoni.

Nikachukua kalamu nikakata maneno mawili. Tanbihi sasa inaishia hivi: "Upatanisho huu si kosa." Nikatia sahihi chini ya insha, nikatia sahihi chini ya mazungumzo, nikaandika cheo changu cha zamani na tarehe. Mwalimu Upatanisho ameandika kwa mkono wake kwamba mlima ni "a-", na mkono haujanyauka. Kuna watakaonilaumu kwenye maoni hapa chini. Karibuni. Njooni na pingamizi, msije na mshangao tu.

Emiliana amepeleka meza nje kwenye jua kidogo lililojitokeza, kazi moja kushoto, nyingine kulia. Nimemkataza kuniuliza maoni, kwa sababu nina maoni, na yamebadilika mara mbili tangu nianze kuandika ukurasa huu. Kazi ni yake. Atakayesimama mbele ya jopo la watahini ni yeye, na atakayerudia mwaka, kama ni kurudia, ni yeye. Sidhani atarudia.

Akishachagua nitaandika hapa siku hiyo hiyo, kabla baba yake hajapata habari.